Sahani Kumi na Nne

Mwaka niliopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili nikakosa ada, nilianza kuingia chumbani kwa bibi yangu na macho ya dalali. Mdomo ulisema shikamoo, macho yakatia bei. Kitanda cha samadari: kizito, hakipiti mlangoni. Kabati la mvule: zuri, lakini kioo kimepasuka. Saa ya ukutani: imesimama saa nne kasorobo tangu sijazaliwa. Bibi alikuwa akinimiminia kahawa na kuniuliza habari za mjini, nami namjibu huku nikijumlisha.

Uvunguni, nyuma ya viatu vya babu ambavyo hakuna aliyethubutu kuvitoa, palikuwa na sanduku jeusi lenye kishikio, kubwa kidogo kuliko begi la shule. Bibi aliliita santuri. Sisi wa leo tukisikia santuri tunafikiria kile kisahani cheusi chenyewe, lakini kwa Bibi na wenzake santuri ilikuwa mashine, na vile visahani viliitwa sahani, kama sahani za pilau. Neno lenyewe limetoka mbali. Santuri ni ala ya nyuzi inayopigwa kwa vijiti viwili huko Uajemi na Uarabuni, na njiani jina likahama, likatoka kwenye ala inayohitaji mpigaji likaenda kwenye sanduku linalojipiga lenyewe.

Babu alikuwa karani wa forodha. Aliinunua santuri ile mwaka aliomwoa Bibi, 1956, ikiwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya themanini kamani ikakatika, kifuniko kikafungwa, sanduku likasukumwa uvunguni. Mimi nimezaliwa baada ya hapo. Kwangu lilikuwa kitu unachokigonga kwa kichwa ukicheza kujificha.

"Iuze," Bibi aliniambia siku nilipomweleza shida yangu. "Kitu kimekaa uvunguni kinakula vumbi, kina faida gani? Babu yako angekuwa hai angekwenda kuiuza mwenyewe. We nenda ukasome."

Nilimbusu mkono, nikaivuta santuri. Pembeni yake palikuwa na kikapu cha ukindu, na ndani ya kikapu, zimefungwa kwa kanga kuukuu, sahani kumi na tano. Bibi hakusema neno juu ya sahani. Mimi sikuuliza.

*

Usiku ule nilikaa na simu hadi chaji ikaisha. Ndani ya santuri yetu kulikuwa na picha ya yule mbwa mweupe aliyeinamisha kichwa kusikiliza tarumbeta, picha aliyoichora Francis Barraud mwishoni mwa karne ya 19 na kampuni ya Gramophone ya London ikainunua. Modeli ilikuwa namba 102. Niliandika hayo mawili, nikaongeza neno mnada, na mlango ukafunguka.

Sikujua kwamba kuna watu wanaoishi kwa vitu hivi. Wana vyama vyao. Cha Marekani kilianzishwa mwaka 1949 na cha Uingereza mwaka 1962. Wana jumba la makumbusho Utrecht, Uholanzi, Museum Speelklok, lililojaa mashine zinazojipiga. Wana minada yao; ule wa Auction Team Breker, Köln, Ujerumani, hutoa orodha nene za picha. Santuri kama yetu ziko mle, lakini ziko chini kabisa, kama wageni waliokaribishwa karibu na mlango. Juu yao kuna visanduku vya muziki vya Uswisi, ukoo ulioanza mwaka 1796 pale fundi saa wa Geneva, Antoine Favre, alipoonyesha kwamba vijino vya chuma vilivyokatwa kwa urefu tofauti vinaweza kuimba badala ya kengele. Ndani ya kisanduku mna mche wa shaba ya manjano uliochomekwa pini ndogo, mara nyingine maelfu. Mche unazunguka, pini zinachokonoa meno ya chanuo la chuma, wimbo unatoka. Kuna mashine za Leipzig, Polyphon na Symphonion, zilizotumia sahani kubwa za chuma zilizotobolewa. Zilisimama kwenye baa na mikahawa, ukitumbukiza sarafu zinapiga. Kuna Phonoliszt-Violina ya Hupfeld, piano inayojipiga ikiwa na fidla tatu ndani ya kabati lake. Na kuna jozi ya bastola za dhahabu ambazo ukivuta kifyatuzi hakitoki risasi, hutoka kindege kikaimba. Jozi hiyo iliuzwa Hong Kong mwaka 2011 kwa zaidi ya dola milioni 5.

Nilidhani mambo haya ni ya kwao tu, hadi nilipomkumbuka Sayyida Salme. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, binti huyu wa Sayyid Said anaeleza nyakati za baada ya chakula katika kasri la baba yake hapa Unguja. Vilipigwa vinanda vikubwa vya kuzungusha kwa mkono na visanduku vya muziki vilivyotoka Ulaya. Siku nyingine aliitwa mwanamke kipofu mwenye sauti nzuri, jina lake Amra, akaimba. Nilipokisoma kitabu hicho mara ya kwanza nilipita hapo mbio. Sasa nilirudi nikasimama. Kisanduku kutoka kasri lile, kikipatikana leo, kingeingia kwenye orodha ya mnada na picha nne na aya mbili za maelezo. Amra hana pa kuingia.

Nilijifunza lugha yao haraka, kwa sababu njaa ni mwalimu. Makisio ni bei ambayo dalali anadhani kitu kitafika. Bei ya nyundo ni ile iliyofikiwa nyundo inapogonga meza. Juu yake mnunuzi huongezewa ada ya nyumba ya mnada, ambayo hupita kwa urahisi asilimia 20, kwa hiyo muuzaji na mnunuzi huondoka kila mmoja akihisi bei yake siyo ile iliyotangazwa. Nilijifunza pia kinachopandisha thamani, na nikakiandika kwenye daftari: uchache, hali, na kile nilichokiita nasaba, yaani kitu kimepita mikononi mwa nani.

Hali ndiyo iliyonishangaza. Wanahesabu meno ya chanuo, jino moja likikosekana bei inashuka. Wanakagua kama kisanduku kimewahi kupatwa na balaa wanaloliogopa kuliko kutu: kidhibiti mwendo kinaachia ghafla, kamani inajifungua kwa nguvu zake zote, mche unazunguka kama pia, na ndani ya sekunde chache pini zimelala na meno yamevunjika. Kisanduku bora ni ambacho mwenyewe alikipenda kwa kiasi, akakifungua sikukuu kwa sikukuu, akakirudisha kabatini. Kilichopigwa kila siku kimekwisha.

Na modeli 102? Ilitengenezwa kuanzia mwaka 1931 hadi miaka ya hamsini, kwa wingi, ikasambazwa kila mahali Waingereza walikokuwa na meli. Za rangi nyekundu au buluu huchangamkiwa. Nyeusi, kama yetu, ni pauni mia moja, mia na nusu, ikibahatika mia mbili. Hesabu hiyo haikuikaribia ada yangu, lakini nilishikilia maneno niliyoyaona tena na tena chini ya zile zilizopata bei nzuri kidogo: inafanya kazi.

*

Kabla ya fundi nilikwenda kwenye duka moja la vitu vya kale Mji Mkongwe. Mwenye duka aliifungua santuri, akazungusha kishikio kikazunguka bure, akatabasamu.

"Hii haina tarumbeta, mwanangu."

"Tarumbeta yake imo ndani," nilimwambia. Nilikuwa nimesoma usiku kucha, bado nina moto. "Sauti inapita chini ya mbao inatokea huku nyuma."

"Najua. Mtalii hajui."

Akanionyesha alichokuwa nacho: santuri mbili zenye tarumbeta za shaba zinazong'aa kama masinia ya harusi, kila moja na kibati cha mbwa kilichogongwa kwa misumari. Nilizitambua. Wakusanyaji wa Ulaya wana jina la dharau kwa mashine hizi na wanazijua kwa mbali: kasha jipya lililopakwa rangi ya uzee, tarumbeta jipya, nyingi zikiwa zimetengenezwa India kwa ajili ya wasafiri. Kitu pekee cha kale ndani yake mara nyingi ni injini, na injini hiyo hutolewa kwenye santuri ndogo za mkononi ambazo hakuna anayezitaka. Santuri kama ya babu.

"Nakupa laki mbili," akasema. "Nataka injini na mkono wake. Kasha chukua, wekea nguo."

Laki mbili zilikuwa pesa, na nilikaribia. Kilichonizuia hakikuwa mapenzi, nisijisifu. Nilikuwa nimekwisha kupiga hesabu ya pauni. Nilimwambia nitarudi.

"Usichelewe," akasema. "Mashine zenyewe zinakwisha."

Fundi saa mmoja wa Darajani aliifungua siku ile ile. Alitandika gazeti, akavaa glavu nene, akaniambia nisogee nyuma, maana kamani ikiruka haichagui kidole. Aliitoa taratibu, utepe mrefu wa chuma uliojaa grisi iliyogeuka kuwa kama halua. Ilikuwa imekatika karibu na mwisho. Angeikata pale, aipashe moto ncha ilainike, atoboe tundu jipya la kuning'inizia, aoshe kila gurudumu kwa petroli, atie grisi mpya. Laki na ishirini. Nilikuwa na elfu thelathini.

Kesho yake yule mwenye duka akanipigia simu. Kwake kulikuwa na mgeni anayetafuta sahani za zamani. Sinazo?

*

Nilizipeleka na kikapu chake. Mgeni alizungumza Kiswahili safi, cha darasani. Alizitoa moja moja kwenye kanga, akizishika kwa pembe kama mtu anayeshika picha iliyotoka kusafishwa. Alikuwa na tochi ndogo. Aliilaza mwanga upande, akazungusha sahani chini yake, akasoma karatasi ya katikati, akaandika. Nyingine zilikuwa zimegeuka kijivu kwa kupigwa sana, na niliona aibu, kama ninauza nguo zenye viraka.

"Elfu kumi kila moja?" nilisema, nikingoja acheke.

Hakucheka. Hakuomba nipunguze. Alihesabu noti.

Mtu wa pwani anajua, au anatakiwa kujua, kwamba anayenunua bila kuomba kupunguziwa amekwisha kukushinda. Mimi nilifurahi. Alichukua sahani kumi na nne. Ya kumi na tano ilikuwa imemegeka ukingoni kama biskuti iliyong'atwa. Aliishika muda mrefu kuliko zote, akaitazama pande mbili, kisha akanirudishia.

"Hii baki nayo," akasema kwa upole.

Laki na arobaini. Nilipitia Darajani moja kwa moja, nikamlipa fundi.

Wiki iliyofuata nilipiga picha za santuri ikiwa imepona, nikazituma kwa nyumba moja ya mnada ya Ulaya pamoja na maelezo niliyoyaandika kwa uangalifu, nikitumia maneno yao yote. Niliongeza na picha moja ya zamani, niliyoipiga siku ya kwanza mkekani, santuri ikiwa mbele, sahani zimetandazwa nyuma yake kunogesha.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa, la heshima. Modeli 102 ni mashine nzuri lakini ni nyingi. Kwa makisio yake, nauli ya kuisafirisha na ada zao zingemaliza karibu chote ambacho ningepata, walinishauri nisiisafirishe. Kisha mstari mmoja peke yake: katika picha ya nne wameona sahani zenye maandishi ya Kiswahili. Je, bado ninazo?

*

Niliikuza ile picha hadi ikawa vumbi. Kati ya sahani kumi na nne niliweza kusoma karatasi tatu tu. Mbili zilikuwa na jina la Siti binti Saad.

Naandika hili nikijua kwamba nilisoma habari zake shuleni. Najua alizaliwa Fumba, akaja mjini, akauza vyungu, akafundishwa kuimba. Najua mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ile ile ya mbwa, na sahani zao zikarudi kwa meli zikaenea pwani nzima na hata bara. Najua Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Nimejibu maswali ya mtihani juu ya mwanamke huyu nikapata alama nzuri. Na nimemuuza kwa elfu kumi kumi, nikiwa nimemshika mikononi, kwa sababu sikugeuza sahani kusoma karatasi.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokosea kwenye daftari langu. Niliandika uchache na hali kama vitu viwili vinavyokwenda pamoja. Kwa visanduku vya Geneva ni kweli: kichache ni kile kilichotengenezwa kwa tajiri mmoja, na kimefika leo kizima kwa sababu kilikaa kabatini. Sahani za Siti hazikuwa chache hata kidogo zilipotoka. Zilinunuliwa kwa maelfu na watu waliotaka kusikia Kiswahili chao kikitoka kwenye sanduku. Zilifanywa kwa utomvu wa wadudu wa India uliochanganywa na unga wa mawe, kitu kinachovunjika kikianguka, na sindano ya chuma hukwangua mfereji wake kila inapopita. Unaposikiliza, unaila kidogo. Babu, Bibi aliniambia baadaye, alikuwa akiitumia sindano moja mara kumi badala ya kuibadilisha kila upande kama inavyotakiwa, maana sindano zilikuwa ghali. Kila nyumba ilifanya hivyo. Basi zilizopendwa zaidi ndizo zilizokwisha mapema. Uchache wake haukutoka kiwandani, ulitoka vibarazani. Watu walizimaliza kwa kuzisikiliza.

Na mnada, ambao haujui kuhesabu usikilizaji, unakuja mwisho kabisa kuokota zilizosalia.

Sina ugomvi na yule mgeni. Alilipa nilichotaja. Huenda leo zimo mahali pakavu, zimesafishwa, kila moja ndani ya bahasha yake, zimenakiliwa na mtu anayejua kazi. Kikapu cha ukindu uvunguni Miembeni kisingezifanyia hayo. Wala sina ugomvi na wakusanyaji. Kila nilichokijua kuhusu kamani na utando na magurudumu, nilikijua kwa sababu mtu fulani mwenye mapenzi ya kupita kiasi alikaa akaandika. Ugomvi wangu ni na yule msichana aliyejua bei ya bastola za ndege za Hong Kong na hakujua kilichokuwa ndani ya kanga ya nyanya yake.

*

Ilinichukua siku nne kumwambia.

Bibi alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Nilimwambia yote, mwenye duka, mgeni, elfu kumi, barua. Hakunikatiza. Alipukuta ungo, akapuliza makapi.

"Zilikuwa ngapi?"

"Kumi na nne, Bibi. Moja imebaki."

"Kumi na nne." Akatafuta mawe kidogo. "Ulizisikiliza kabla hujaziuza?"

"Hapana. Santuri ilikuwa mbovu."

"Basi hujui ulichouza."

Hakusema kwa hasira, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Akaweka ungo chini, akanyoosha mkono wa kushoto mbele yake na kuanza kuhesabu kwa vidole, si kwa majina ya nyimbo wala ya waimbaji. Ile iliyokuwa ya mama yake, aliyoinunua kwa pesa za kushona kofia, na baba yake akanuna wiki nzima. Ile waliyoipiga siku shangazi alipoolewa hadi jirani akaja kuomba wapumzike. Ile ya Kiarabu ambayo hakuna aliyeielewa lakini babu akiiweka lazima afumbe macho. Ile waliyokatazana kuipiga mbele ya watoto. Ile iliyokuwa na mkwaruzo mahali pamoja, sindano inarudi, inarudi, mpaka sisi sote, alisema, tukawa tunaiimba hivyo hivyo na kurudia kwake, hata tukiwa kisimani.

Nilikimbia ndani nikachukua daftari. Ni lile lile la makisio na bei za nyundo. Sikuwa na jingine. Niliandika alivyosema. Alifika ya kumi na moja, akasimama. Alirudi mwanzo akahesabu upya, kwa sauti, akafika kumi na moja tena. Alitazama vidole vyake muda mrefu.

"Tatu zimenitoka," akasema.

Nimewahi kupoteza vitu maishani. Sijawahi kusikia jambo lililonishusha kama hilo. Zile kumi na moja nilizinyima nyumba yetu, lakini bado Bibi alikuwa nazo. Zile tatu zilikuwa zinaishi kikapuni tu. Siku moja sindano ingegusa, na angesema, aa, kumbe hii.

Mwaka ule sikwenda kusoma. Nilikwenda mwaka uliofuata, kwa upatu wa mama na mkopo wa mjomba ambao nimeumaliza juzi juzi. Santuri haikuuzwa. Yule mwenye duka alinipigia mara mbili, kisha akaacha.

Lakini jioni ile ile ya ungo, baada ya magharibi, Bibi aliniambia niilete. Niliiweka juu ya stuli mbele yake, nikatia ufunguo mpaka mkono ukahisi kamani inakaza. Kwenye kikopo cha babu zilikuwa zimebaki sindano sita. Niliitoa sahani ya kumi na tano, ile yenye pengo, nikaiweka. Sindano haiwezi kuanza ukingoni, itaingia penye pengo. Lazima uishushe ndani kidogo, mfereji unapokuwa mzima. Nikaishusha.

Kwanza ikatoka sauti kama ya kukaanga. Kisha, kwa mbali, kama kutoka nyumba ya pili, fidla, dafu, na mwanamke aliyekuwa tayari katikati ya ubeti.

"Haianzii hapo," Bibi akasema.

"Najua, Bibi. Mwanzo umemegeka."

"Inua."

Niliinua mkono wa santuri. Sahani iliendelea kuzunguka kimya. Bibi alijisogeza kwenye kiti, akakohoa, akavuta mtandio mabegani, na akaimba mwanzo. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ilikatika mahali pawili, lakini hakuharakisha. Alipokaribia penye pengo aliniinulia kidole.

Nilichelewa. Sindano ikaanguka maneno matatu mbele.

"Tena," akasema, akaanza upya. Mara ya pili niliwahi mno, nikamkata. Akacheka, mara ya kwanza tangu nimwambie. Nikatia ufunguo. Mara ya tatu nilimtazama yeye badala ya kutazama sahani, nikasubiri kidole, nikashusha, na vyombo vikampokea.